Utafiti wa Kenya haukuwapa wauza dawa ruhusa ya kugawa dexa

Juma lililopita nilitumiwa ujumbe wa sauti ambao ulikuwa umekwisha kuzunguka katika makundi ya WhatsApp hata ukawekewa ile alama ya kusambazwa mara nyingi. Msemaji, ambaye hakujitaja jina wala cheo, anawatangazia wauzaji wa dawa wenzake kwamba sasa walale usingizi wao bila hofu, kwa kuwa "utafiti mkubwa wa Kenya" umethibitisha kwamba dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, inatibu kifua. Akamalizia kwa kicheko kirefu: sisi tulijua siku nyingi, wataalamu ndio waliochelewa.

Mimi ni mfamasia, na kicheko kile kilinikera kuliko uongo wenyewe. Laiti ujumbe ungekuwa wa kutunga mwanzo hadi mwisho, ningeufuta nikaendelea na kazi zangu. Tatizo ni kwamba utafiti upo, ni wa kweli, tena ni mzuri. Ulichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England, ukiongozwa na watafiti wa taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome, na ulifanyika katika hospitali 18 za umma nchini Kenya kwa watu wazima 2180 waliolazwa kwa nimonia waliyoipata wakiwa nje ya hospitali. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa matibabu ya kawaida pamoja na steroidi ya kipimo kidogo kwa siku 10. Nusu nyingine walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya siku 30, katika kundi lisilopewa steroidi walikuwa wamekufa asilimia 26.0, na katika kundi lililopewa, asilimia 22.6.

Piga hesabu hiyo vizuri kabla hujaidharau. Tofauti ya asilimia 3.4 maana yake ni kwamba kwa kila wagonjwa wapatao 30 waliopewa dawa hiyo, mmoja ambaye angekufa alirudi kwao, na dawa yenyewe ni ya bei ya chini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipoanza mwaka 1977, na karibu kila hospitali ya wilaya inayo. Ni nadra sana katika tiba ya maambukizi kupata uhai kwa gharama ndogo namna hiyo. Ndiyo, madaktari na wagonjwa walijua nani anapewa nini, na mkosoaji yeyote atalitaja hilo. Lakini kufa si maumivu ya kichwa, hakuna anayepona kifo kwa kuwa ameamini dawa.

Sasa tuulize swali ambalo msemaji wetu hakujisumbua nalo: hao 2180 walikuwa nani? Walikuwa watu waliolazwa. Walikuwa wamepimwa na daktari, wakaandikiwa antibayotiki, wakawekwa kitandani mahali ambapo mtu angeweza kuwaona usiku wakibadilika. Steroidi haikuua kijidudu hata kimoja ndani ya mapafu yao, kwa sababu haina uwezo huo. Antibayotiki ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kazi ya steroidi ilikuwa kuituliza kinga ya mwili, ambayo katika maambukizi makali hufanana na mgambo waliokuja kumkamata mwizi mmoja wakaishia kuvunja meza za wachuuzi soko zima. Ukiwaondoa mgambo mapema, au ukawaondoa mahali ambapo hawajavunja kitu, aliyefaidika ni mwizi.

Jambo hili halikuanza Kenya. Mwezi Juni 2020, wakati dunia imejifungia, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba dexa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, inapunguza vifo vya UVIKO-19. Kila mtu alisikia sehemu hiyo. Waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia walikufa asilimia 29.3 wakipewa dexa, na asilimia 41.4 wasipopewa, nafuu kubwa ambayo hatukuizoea. Kuna mstari mwingine katika jedwali lilelile ambao haukuwahi kusambazwa na mtu: kwa wagonjwa waliolazwa lakini hawakuhitaji oksijeni, waliopewa dexa walikufa asilimia 17.8 na wasiopewa asilimia 14.0. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba hapo dawa imeua, maana tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati. Walichosema ni kwamba hakuna faida iliyoonekana na madhara yanawezekana. Ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile kwa kipimo kilekile, ila mmoja anapumua kwa shida na mwingine anapumua mwenyewe. Sasa niambie, yule anayekuja dukani kwa miguu yake, anakohoa, analalamika mafua na mwili kuchoka, yuko upande gani wa jedwali?

Anayekohoa dukani hapewi dexa kwa jina lake. Anapewa "mchanganyiko". Wasomaji wangu mnaujua mchanganyiko. Mwezi fulani nilikwenda kumjulia hali jirani yangu, mama mtu mzima, na baada ya shikamoo na marahaba akanieleza kwamba miguu imekuwa mizuri siku hizi, ila anakojoa usiku kucha na uso umejaa. Uso ulikuwa umejaa kweli, umekuwa duara hata macho yamezama, na mikono imebaki myembamba kuliko nilivyoizoea. Nikamwomba anioneshe dawa. Akatoa kibahasha cha karatasi kisicho na jina la dawa wala la mgonjwa, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu "1x3". Ndani mlikuwa na vidonge vya aina tatu: diklofenaki ya maumivu niliitambua kwa rangi, paracetamol kwa ukubwa, na vile vidogo vyeupe vya dexa vinavyouzwa kwa kopo la 1000 wala sikuhitaji kuvigeuza. "Hivi vidogo ndivyo vinavyonisaidia, mwanangu," akasema, "nikikosa siku mbili siinuki." Alikuwa akivimeza tangu kabla ya mfungo. Hospitalini sukari yake ilikutwa juu sana.

Maneno yake, kwamba akikosa siku mbili hainuki, ndiyo yaliyonitisha. Mtu akimeza steroidi kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo ambazo hutengeneza homoni ya aina hiyo kwa kawaida huacha kazi, kwa kuwa mwili unaona imekwisha kuletwa kutoka nje. Ukikatisha ghafla, huna ya kumeza wala ya kuzaliwa nayo. Shinikizo la damu linaanguka, na homa ndogo inaweza kukuondoa. Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetumia vidonge vya namna hii kwa wiki nyingi, asiviache kesho asubuhi kwa sababu amesoma makala yangu. Apelekwe hospitali pamoja na vidonge vyenyewe, apunguziwe kidogo kidogo.

Kuna na minyoo. Kuna mnyoo aitwaye Strongyloides, wa nchi zenye joto na unyevu kama pwani yetu, ambaye hupenya kwenye ngozi ya miguu na anaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi bila kumsumbua. Kinga ikishushwa kwa steroidi, mnyoo huyo huzaana na kusambaa hadi kwenye mapafu, akiburuta bakteria wa utumbo hadi ndani ya damu. Muuza dukani hajui nani anaye. Hata mimi sijui kwa kumtazama mtu usoni.

Ningependa sana wale wanaosema "steroidi hutuliza uvimbe, basi" wakae chini wasome habari za ubongo, kwa sababu hapo ndipo jeuri ya kukisia huisha. Mwaka 2004 watafiti nchini Vietnam walichapisha matokeo ya wagonjwa 545 wa kifua kikuu cha utando wa ubongo: waliopewa dexa walikufa asilimia 31.8, wasiopewa asilimia 41.3. Dawa ikaingia katika miongozo ya dunia nzima. Likabaki swali la watu wanaoishi na VVU, ambao katika utafiti ule walikuwa wachache. Jaribio la pekee kwa ajili yao, la watu 520 nchini Vietnam na Indonesia, lilitoa jibu mwaka 2023: waliopewa dexa walikufa asilimia 44.1, wasiopewa asilimia 49.0, tofauti ambayo haitoshi kuapia. Kati ya hayo mawili kuna la mwaka 2016 kuhusu homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi wa kriptokokasi, ambalo wagonjwa wake wengine walikuwa Uganda na Malawi. Kila aliyefikiri kwa mantiki angesema: utando wa ubongo umevimba, presha ya kichwa iko juu, mpe dexa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Katika wiki 10 walikuwa wamekufa asilimia 47 ya waliopewa dexa na asilimia 41 ya wasiopewa, waliopona katika kundi la dexa walibaki na ulemavu zaidi, na fangasi ndani ya maji ya uti wa mgongo walikuwa wakifa polepole zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu cha utando wa ubongo na huyu wa fangasi unaweza kuwakuta katika wodi moja, vitanda jirani, wote wanaumwa kichwa, wote shingo ngumu. Anayewatofautisha ni fundi maabara, si uzoefu wa mtu aliyeuza dawa miaka 20.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba duka la dawa halikuanzisha tabia hii kwa uovu mtupu. Mtu ana shilingi elfu mbili, kituo cha afya kiko mbali, akifika atapewa foleni na pengine karatasi ya kwenda kununua dawa dukani kulekule alikotoka. Dexa humpa nafuu siku ileile, hamu ya kula inarudi, anarudi kushukuru. Biashara gani itakataa shukrani? Lakini nafuu hiyo inapatikana hata kama chini yake kifua kikuu kinaendelea kutafuna pafu, na hapo ndipo tunapokosana. (Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi zinahitaji makala yao wenyewe, na sina moyo nayo leo.)

Liko jambo jingine katika utafiti wa Kenya ambalo limenikosesha raha zaidi ya ujumbe ule wa sauti, na sijaona likisemwa. Mwaka 2023 Wafaransa walichapisha jaribio lao la haidrokotisoni, nayo ni steroidi, kwa nimonia kali, lililofanyika katika vyumba 31 vya wagonjwa mahututi kwa wagonjwa 795. Wasiopewa steroidi walikufa asilimia 11.9 ndani ya siku 28. Waliopewa, asilimia 6.2. Weka takwimu hizo kando ya zile za Kenya. Mfaransa aliye mahututi, ambaye hakupewa dawa hii kabisa, alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko Mkenya aliyelazwa wodi ya kawaida na kuipewa. Najua kwamba huwezi kulinganisha majaribio mawili kana kwamba ni timu mbili katika uwanja mmoja: umri tofauti, VVU, kuchelewa kufika hospitali, hata siku zenyewe za kuhesabu ni 28 kwa 30. Nakubali yote hayo. Bado pengo hilo halizibwi na kidonge. Linazibwa na oksijeni inayofika kitandani usiku umeme ukikatika, na kipima oksijeni cha kidoleni chenye betri, na muuguzi ambaye hahudumii wodi nzima peke yake, na maabara inayosema ni mdudu gani kabla mgonjwa hajazikwa. Tukishangilia asilimia 3.4 na kunyamazia 22.6 iliyobaki, tutakuwa tumeridhika na jambo dogo.

Hata hivyo sitaki mtu asome haya akadhani kwamba nabeza majaribio ya huku kwetu. Mwaka 2011 jaribio la FEAST lilitoka katika hospitali za Kenya, Uganda na ile ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walihusika, na kila kitabu cha nchi tajiri kilisema watoto kama hao wamiminiwe dripu haraka. Waliomiminiwa haraka walikufa takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48. Walioachwa na dripu ya polepole, asilimia 7.3. Kitabu kilikuwa kinaua watoto wetu, na aliyekigundua si kitabu kingine, ni watu waliohesabu katika wodi za Muheza, Kilifi na Mbale. Kwa sababu hiyo utafiti wa nimonia uliofanyika katika hospitali 18 za umma za Kenya una uzito kwangu kuliko wa Ufaransa, ingawa matokeo yake ni madogo. Vitanda vile ndivyo tutakavyolalia.

Wizara zetu, ya Dodoma na ya Nairobi, zina kazi iliyo wazi: kusema kwa maandishi kama steroidi itaingia katika mwongozo wa nimonia ya watu wazima waliolazwa, kwa kipimo gani, kwa siku ngapi, na nini kifanyike kwa mgonjwa ambaye makohozi yake hayajapimwa kifua kikuu. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo litakaloamua, kwa sababu katika wodi zetu nimonia na kifua kikuu huingia kwa mlango mmoja, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja. Mwongozo huo ukichelewa, msemaji wa ule ujumbe wa sauti amekwisha kuandika wa kwake, na umewafikia watu wengi kuliko jarida lolote.