"Umri hadi 55, bila IELTS": mbona hawamalizii sentensi?

Tangazo lenyewe mmeshaliona. Linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: bendera ya Australia, lori refu kwenye vumbi jekundu, na herufi kubwa zinazopiga kelele, "DAMA VIZA! Umri hadi 55! Bila IELTS! PR uhakika!" (IELTS ni mtihani wa Kiingereza, PR ni ukaazi wa kudumu.) Chini kabisa, namba ya simu na "gharama za kufungua faili".

Kinachoudhi ni kwamba ndani yake mna ukweli. DAMA, yaani makubaliano ya uhamiaji kati ya serikali ya Australia na maeneo fulani ya nchi hiyo, ipo, na inatumiwa na maeneo yaliyokosa wafanyakazi: Northern Territory, Goldfields kule Kalgoorlie, Far North Queensland, Orana inayosimamiwa kutoka Dubbo, na mengine. Kwa baadhi ya kazi, umri kweli unavuka 45. Kiingereza kweli kinalegezwa. Ziko kazi ambazo hazimo kwenye orodha ya kawaida ya viza za kazi lakini huku zimo. Haya nayakubali, tena kwa shingo upande, maana ndiyo chambo.

Ila "DAMA viza" haipo. Viza zilizopo ni 482 (ya kazi, ya muda), 494 (ya kazi mikoani, nayo ya muda) na 186 (ya ukaazi wa kudumu). DAMA ni mpango ambao chini yake mwajiri husaini mkataba na serikali, na wewe humo huna sahihi. Mwajiri aliye ndani ya eneo husika huanza kwa kuomba idhini ya mwakilishi wa eneo: Northern Territory ni serikali yao wenyewe, Goldfields ni manispaa ya Kalgoorlie-Boulder, Far North Queensland ni chemba ya biashara ya Cairns. Hapo anaonyesha kwamba biashara iko hai, kwamba alitangaza nafasi na hakupata mtu wa pale, na kwamba mshahara ni uleule ambao Mwaustralia angelipwa. Akipata idhini, anaiomba Wizara ya Mambo ya Ndani mkataba wa kazi unaotaja kazi zipi na watu wangapi. Ukishasainiwa, ndipo anapeleka jina la mtu anayemtaka. Ombi lako la viza linakuja nyuma ya hayo yote. Sasa hiyo "fomu ya DAMA" mnayojazishwa Kariakoo na River Road kabla mwajiri hajajulikana hata jina, inakwenda wapi? Haiendi popote. Pesa ndiyo inayokwenda.

Tuache matapeli. Tuchukulie mwajiri ni wa kweli, mkataba upo, mshahara ni halali. Hapo ndipo penye jambo ambalo hata mawakala waaminifu hulipita haraka haraka: nafuu unayopewa na DAMA ndiyo inayokufunga.

Angalia hiyo 55. Viza ya 482 haina kikomo cha umri hata kidogo. Mtu wa miaka 50 anaingia nayo bila kuhitaji huruma ya mtu. Kikomo cha 45 kinakungoja kwenye 494 na 186, yaani pale unapoutafuta ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo, ukiingia kwa 482, ile nafuu ya umri uliyoahidiwa ukiwa Dar au Nairobi utaihitaji baada ya miaka kadhaa ya kazi, na ili uipate kwenye 186, mwajiri mwenye mkataba wenye nafuu hiyo lazima akupeleke jina upya. Akikataa? Akiwa amefilisika? Akiwa amekuchoka?

Na hata asipokuwa mbaya, biashara hubadilika. Hoteli ya njiani inauzwa. Bango ni lilelile, jiko ni lilelile, wateja ni walewale, lakini mmiliki mpya ni kampuni nyingine kisheria, na mkataba ulikuwa wa ile ya zamani. Mpishi aliyelala akiwa na mdhamini, yaani mwajiri anayeibeba viza yake, anaamka hana.

Mtaniambia siku hizi kuna siku 180. Ni kweli. Tangu tarehe 1 Julai 2024, mwenye 482 au 494 akiachana na mdhamini ana hadi siku 180 kwa mkupuo, zisizozidi 365 kwa muda wote wa viza, kutafuta mwingine, na anaruhusiwa kufanya kazi wakati anatafuta. Zamani, kwa 482, zilikuwa 60. Ni hatua nzuri, sibishi. Kwa fundi ambaye kazi yake imo kwenye orodha ya kawaida, siku 180 zinatosha: mwajiri yeyote mwenye kibali cha udhamini anampeleka jina, mambo yanaendelea. Wewe uliyeingia kwa kazi iliyomo kwenye DAMA tu unahitaji mwajiri aliye ndani ya eneo lenye kazi hiyo, mwenye mkataba uliokwisha kusainiwa, na mwenye nafasi iliyobaki kwenye idadi aliyoruhusiwa. Asipokuwa na mkataba, aanze na idhini ya eneo, kisha wizara, kisha jina lako, huku siku zako zinahesabika. Waajiri wangapi watajitwika hayo kwa ajili ya mtu waliyekutana naye juzi?

Ndiyo maana 494, pamoja na ugumu wake wa kuingia, ina unafuu ambao matangazo hayautaji. Ukiishika miaka 3, ukaishi na kufanya kazi mikoani, ukawa na hati za kodi za miaka 3, unaomba 191, viza ya ukaazi wa kudumu, mwenyewe. Hakuna bosi wa kukupeleka jina, na umri hauulizwi. Mwajiri akikupa uchaguzi kati ya 482 na 494, usiulize tu ipi inatoka haraka.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Tozo ya mafunzo, ile ya Skilling Australians Fund, hulipwa na mwajiri: dola 1,200 za Australia kwa kila mwaka wa 482 kama mapato ya biashara hayafiki milioni 10 kwa mwaka, 1,800 kama yanafika. Miaka 4 ni 4,800 au 7,200, zote mbele. Kukubebesha wewe, au kukukata kidogo kidogo kwenye mshahara, ni marufuku. Ada ya kupeleka jina ni yake, wakala wake ni wake. Zako ni ada ya viza, vipimo vya afya, cheti cha polisi, mtihani wa lugha na tathmini ya ujuzi. Na kuuza udhamini ni kosa la jinai tangu Desemba 2015. Ubaya ni kwamba anayenunua naye anaweza kutozwa faini, na viza yake inaweza kufutwa. Wanaochangisha "pesa ya bosi" wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hawaogopi utawashtaki.

"Bila IELTS" nayo ina mkia. Kwa 482, aliyesoma kwa Kiingereza miaka 5, sekondari au chuo, kwa kawaida hahitaji mtihani. Kidato cha nne peke yake ni miaka 4. Hesabu mwenyewe.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwandikie mwajiri barua pepe, mwajiri mwenyewe na siyo wakala, umuulize: mkataba wenu umesainiwa au bado mnauomba? Ni wa eneo gani, na unaisha lini? Kazi yangu imeandikwa humo kwa jina gani? Ni 482 au 494? Nafuu ya umri kwa ukaazi wa kudumu imo kwa kazi hiyo? Mwajiri ambaye mkataba wake umesainiwa majibu yote anayo kwenye karatasi moja, na hahitaji wiki mbili kuyatafuta.