Dawa za sampuli kwenye kliniki za vijijini Marekani: zibaki au ziondoke?

Kuna mjadala ambao watu wa kliniki za vijijini Marekani hawaumalizi, na sisi Waswahili tunaofanya kazi za afya huku unatuhusu kabisa. Ni kuhusu yale maboksi ya dawa za bure ambayo marepu, yaani mawakala wa mauzo wa makampuni ya dawa, wanakuja kuyaacha, boksi kubwa ndani vidonge saba, juu limeandikwa kwamba haliuzwi. Tuendelee kuyapokea au basi? Kila upande una hoja nzito kwa kweli, ila mimi nina upande wangu na nitausema.

Wanaosema zibaki wanaanza na hali halisi ya kijijini, na hapo wako sahihi. Hizi kliniki zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1977, sasa hivi zipo zaidi ya 5,000, ziko maeneo yenye uhaba wa madaktari na mara nyingi anayekuhudumia ni nesi mwenye leseni ya kuandika dawa, daktari mwenyewe yuko mbali. Duka la dawa nalo unaweza kuliendea kwa gari muda mrefu tu, na usafiri wa umma hakuna. Sasa mama mwenye pumu anafika Ijumaa jioni kifua kimembana, bima imekatika kwa sababu kazi imeisha, unamwandikia inhela akaitoe wapi na kwa hela gani? Kama ipo kabatini unampa, unamwonyesha anavyotakiwa kuvuta, avute mbele yako uone kama anaipata vizuri, na weekend ile hakimbizwi emajensi. Huwezi kumwambia nesi aliyefanya hivyo kwamba amekosea.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui. Marekani kuna mpango unaitwa 340B, ulianza 1992, unaoyalazimisha makampuni kuuzia hospitali na vituo fulani vinavyohudumia watu wa kipato cha chini dawa kwa bei ya punguzo kubwa. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu vimo, lakini hizi kliniki za vijijini za sheria ya 1977 kwa hadhi yake hiyo peke yake hazimo. Yaani wagonjwa ni walewale maskini, barabara ni ileile, ila huyu ana punguzo na yule hana kitu, na ndiyo maana kabati la sampuli limekuwa kama famasi ya wasio na uwezo, hakuna aliyelipanga hivyo ila ndivyo lilivyo.

Sasa upande wa pili. Jiulize ndani ya lile kabati kuna nini hasa. Huwezi kukuta metformin wala lisinopril, dawa za sukari na presha ambazo maduka ya Walmart tangu 2006 wanauza za mwezi mzima kwa dola 4. Utakuta dawa mpya zenye jina la kampuni, Jardiance ya sukari, Eliquis ya kuzuia damu kuganda na za aina hiyo, ambazo bei yake ya kawaida ni mamia ya dola kwa mwezi. Ni dawa nzuri, sibishi, na kuna wagonjwa wanazihitaji kweli. Lakini mgonjwa akianzishwa hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kabatini siku ile, wiki mbili baadaye boksi limeisha, repu hajarudi, na mgonjwa ana dawa iliyomkubali ambayo hawezi kuinunua, hapo ama anaiacha kimyakimya ama anakula kidonge siku moja na kuruka siku moja, nesi anakuja kushtuka sukari imepanda. Kwangu mimi hili ndilo tatizo lenyewe, kabati ndilo linamchagulia mgonjwa dawa badala ya ugonjwa wake na mfuko wake.

Na makampuni hayafanyi haya kwa sadaka. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba mwaka 2016 sampuli za bure zilikuwa na thamani ya dola bilioni 13.5, fungu kubwa kuliko yote kwenye matangazo yanayoelekezwa kwa wanaoandika dawa. Utafiti mwingine wa 2014 kuhusu dawa za chunusi na ngozi ya uso ulikuta dawa anazoandikiwa mgonjwa wa chunusi kwa ziara moja zinafika wastani wa dola 465 kitaifa, wakati kituo kimoja cha chuo kikuu kilichokataza sampuli zilikuwa kama dola 200. Kilichoniuma zaidi ni ule wa 2008 uliotumia takwimu za 2003, ulikuta wenye bima ndio waliopata sampuli kwa uwiano mkubwa kuliko wasio na bima. Kwa hiyo ile picha kwamba dawa hizi ni za maskini, nchi nzima kwa ujumla haikuwa kweli. Kijijini inaweza kuwa tofauti, lakini kliniki isiyoandika nani kapewa nini haiwezi kujibu hilo swali.

Hapo ndipo kwenye usimamizi wenyewe, na wengi wanapapita haraka. Mgonjwa akitoa dawa famasi anapata chupa yenye jina lake, dozi na maelekezo, na mfumo wa kompyuta unaangalia kama inagongana na dawa zake nyingine. Sampuli inatoka kabatini mkono kwa mkono, bibi wa miaka sabini anaambiwa kwa mdomo kunywa moja asubuhi, akifika nyumbani ana boksi lenye jina la kampuni, na hajui kwamba dawa ya ndani ni ileile aliyo nayo kwenye chupa nyingine kwa jina lingine, anakunywa zote mbili. Tena Septemba 2004 Vioxx, dawa ya maumivu, ilipoondolewa sokoni kwa ajili ya hatari ya moyo, kliniki iliyokuwa imegawa sampuli bila rejista ingempigia nani simu? Insulini nayo inataka friji ya nyuzi 2 mpaka 8, na joto liandikwe kila siku, siyo friji ya chakula cha mchana cha wafanyakazi. Wakaguzi wakija wanafungua makabati yote, na dawa iliyoekspaya ni kosa hata kama ulipewa bure.

Sheria iliyopitishwa 1987 na kusainiwa 1988 inakataza kabisa kuuza sampuli, na inataka anayeandika dawa aombe kwa maandishi na asaini anapopokea. Mwaka 2001 kampuni ya TAP ililipa dola milioni 875 kwenye kesi ya Lupron, dawa ya saratani ya tezi dume, ambapo madaktari walipewa sampuli kisha bima ya serikali ikadaiwa hela yake.

Niseme na hili maana linafika mpaka nyumbani. Kuna wanaokusanya sampuli zilizobaki huku na kuzijaza kwenye mabegi kupeleka zahanati za vijijini kwetu, kwa moyo mzuri kabisa. Ndugu zangu, miongozo ya WHO ya misaada ya dawa tangu 1996 inasema dawa zilizotolewa kama sampuli zisipelekwe kama msaada, na msaada unaofika kwa kawaida uwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Nesi wa zahanati atafanya nini na vidonge saba saba vya dawa ya moyo ambayo hata kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu haipo?

Msimamo wangu basi, sitaki zifutwe leo vijijini. Nataka zibaki chache za kuanzia tu, inhela, insulini ya dharura, antibayotiki ya siku mbili mpaka mgonjwa afike famasi, na kila inayotoka iandikwe jina la mgonjwa, namba ya bechi, tarehe ya kuisha na aliyeitoa, ibandikwe lebo ya dozi na iingie kwenye faili lake. Ufunguo ashike mtu mmoja, na kila mwisho wa mwezi kabati lipekuliwe. Za magonjwa ya kudumu zisianzishwe kwa sampuli mpaka ijulikane mwezi wa pili nani atalipa, na kama jibu ni hakuna, aandikiwe ile ya dola 4. Bunge lao likiziingiza kliniki hizi kwenye 340B, hapo mimi nitakuwa wa kwanza kusema marepu wabaki na maboksi yao.