Huku wanakamua mawingu ya theluji. Mtera tungekamua nini?

Kila bwawa la Mtera, la kufua umeme kule Tanzania, likishuka na mgao wa umeme ukianza kunukia, ndugu wa nyumbani hutugeukia sisi tulio Marekani: mbona huko wanatengeneza mvua, sisi tunashindwa nini? Jibu langu ni kwamba huku hakuna anayetengeneza mvua. Kinachofanyika Idaho, Utah na Wyoming ni kulikamua zaidi wingu ambalo tayari limekuja, tena wingu la baridi, tena lililokaa juu ya mlima. Mtera vitu hivyo vitatu havikutani.

Mtambo wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ni tangi la asetoni iliyochanganywa na ayodidi ya fedha (kemikali ya fedha na madini joto), mtungi wa gesi ya propani, kichomeo ndani ya bomba fupi, na kipima upepo. Huwekwa mlimani upande ule dhoruba inakotokea, mtu huuwasha akiwa ofisini, nao huchoma gramu 20 hivi za kemikali kwa saa. Upepo hupandisha moshi hadi kwenye matone yaliyo chini ya nyuzi sifuri lakini bado hayajaganda. Punje ya ayodidi ya fedha ina umbo linalokaribiana na la barafu, kwa hiyo wingu likifika nyuzi -6 hivi, barafu huanza kujijenga juu ya punje hiyo, chembe hunenepa, theluji hudondoka. Bernard Vonnegut ndiye aliyeligundua hili mwaka 1946, mwaka uleule ambao mwenzake Vincent Schaefer alifanikiwa kwa barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa.

Na kuharibika kunaharibika sana. Hewa baridi ikituama bondeni, moshi hulala hapohapo chini. Moto huzimwa na upepo, tundu la kunyunyizia huziba. Upepo ukigeuka kidogo, theluji huangukia upande wa pili wa mlima, yaani bonde la mto mwingine. Wingu likiwa na nyuzi -2 tu, umechoma fedha bure, kwa maana zote mbili za neno fedha. Ukizidisha punje nako, chembe huwa nyingi mno na ndogo mno, zinagombania unyevu uleule na hakuna inayofikia uzito wa kuanguka.

Sasa pandisha mtambo huo kwenye milima ya Iringa. Katika tropiki, hewa hufika nyuzi sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, na hizo nyuzi -6 ziko juu zaidi, karibu mita 6,000. Moshi wa mlimani hauna njia ya uhakika ya kufika huko. Mitambo ya ardhini, ambayo ndiyo sehemu ya bei nafuu ya kazi hii, kwetu inatoka kwenye orodha. Inabaki ndege.

Halafu kuna hesabu. Januari 2017, katika milima ya bonde la Payette, Idaho, watafiti walifuatilia kwa rada theluji iliyotokana na ndege kumwaga ayodidi. Katika matukio matatu walipata jumla ya takriban mita za ujazo 700,000 za maji. Ni kazi ya kupongezwa, kwa sababu miaka sabini ilipita bila mtu kuonyesha jambo hilo waziwazi namna ile. Lakini Mtera likijaa lina uso wa takriban kilomita za mraba 600. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, na Mtera jua si la kubembeleza, zinapaa mita za ujazo milioni 3. Mavuno yote ya yale matukio matatu hayafiki hata robo ya kinachopotea kwa siku moja.

Theluji pia ina faida ambayo mvua haina: hukaa mlimani miezi kadhaa kama akiba, kisha huyeyuka taratibu kuelekea bwawani. Mvua ya kwetu ikishuka, ardhi kavu hunywa kwanza, yafuate mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu, kifuate kinamasi cha Ihefu, ndipo Mtera lipate kilichobaki. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, na mifereji ya umwagiliaji ina mkono mkubwa katika hilo. Kuongeza maji juu ya mfereji usio na lango ni kujaza gunia lililotoboka.

Hayati Edward Lowassa, akiwa Waziri Mkuu, alichekwa sana kwa wazo la kutumia utaalamu wa Thailand wa kutengeneza mvua wakati wa ukame wa 2006. Naona alichekwa kwa sababu isiyo yake. Wathai, kwa mradi ulioasisiwa na Mfalme Bhumibol, hutumia zaidi chumvi kwenye mawingu ya joto, na hiyo inakaribiana na mazingira yetu kuliko haya ya Idaho. Katika namna moja ya kutumia chumvi, ndege hupita chini ya kitako cha wingu, penye hewa inayopanda, ikichoma fataki za chumvi mbawani. Punje zikiwa kubwa kiasi huvuta unyevu, matone hukua na kugongana. Zikiwa laini mno, unazalisha matone mengi madogo na wingu linazidi kuwa bahili. Na wingu moja la namna hiyo lina nusu saa hivi ya uhai wa maana. Ukichelewa, umelikuta linakufa.

Hata wenye uzoefu hukubali kushindwa. Israel ilipanda mawingu, yaani iliyatia kemikali ili yanyeshe zaidi, kwa miongo kadhaa, ikafanya jaribio la mwisho kati ya 2013 na 2020, ikapata ongezeko la asilimia 1.8 lisiloweza kutofautishwa na bahati, ikaacha.

Kama tunataka kujaribu, ningeanza na vipima mvua vingi kwenye vyanzo vya Ruaha na rada inayoona Usangu, misimu miwili bila ndege. Kisha kila wingu linalofaa liamuliwe kwa bahati nasibu: hili lipandwe, lile liachwe, tulinganishe. Ugumu ni kwamba mikataba ya namna hii husainiwa bwawa likiwa limekauka, Septemba au Oktoba, wakati mvua za msimu huanza Novemba au Desemba. Ndege itaegeshwa Dodoma chini ya anga jeupe, na siku za kusubiri nazo hulipiwa.