Sikujificha chini ya meza, nilikuwa natafuta waya

Haya. Kwa kuwa fundi wetu wa sauti ameshasambaza toleo lake la yaliyonikuta mbele ya mteja, eti nilijificha chini ya meza, na tangu asubuhi watu wananitumia vikaragosi vya mtu aliyejifunika shuka gubigubi, acheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikujificha chini ya meza. Nilikuwa natafuta waya. Tutafika huko.

Pili, huyo fundi anayewasimulia kana kwamba alikuwa mpita njia ni mshtakiwa mwenzangu. Hilo mlishike.

Mnaikumbuka ile kazi ya magodoro niliyowachosha nayo humu wiki nzima? Tangazo la sekunde 30. Mkurugenzi alikataa mwigizaji, akasema atasimama mwenyewe mbele ya kamera ili wateja wamwone mwenye mali. Sawa, mali yake. Maneno yalikuwa machache: "Usingizi bora ni haki ya kila familia." Basi. Akiwa pembeni anayasema vizuri, hata ungemkodisha. Ukimwashia taa na kumgongea kibao tu, anatoka na "Familia bora ni haki ya kila usingizi."

Teki 31, yaani alirudia mara 31. Sitii chumvi, nimezihariri mimi.

Na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nyie mnaoona matangazo yamekamilika hamjui mateso haya: sauti ikirekodiwa, kila kinachonguruma kinanyamazishwa, madirisha yanafungwa, halafu taa zinawashwa zote. Kufikia teki ya 20, dada wa vipodozi alikuwa ameshaacha kupaka poda, anafuta tu jasho kama anayepangusa kioo cha gari. Na mzee alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kusema neno anavuta hewa kwa pua, pua zinatanuka, mabega yanapanda, kidole kinagusa tai. Kimya. Halafu: "Familia bora..."

Ya 31 akapatia. Tukapiga makofi ya kweli. Akavua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akatoka nje kutafuta upepo.

Mimi nikaambiwa nikae kwenye kile kiti, mpiga picha apime taa kwa ajili ya picha za karibu. Ni kazi ya kukaa tu. Hata jiwe lingeiweza. Lakini koti lilikuwa pale, limenikumbatia mgongo, na mimi ni mtu dhaifu. Nikalivaa. Nikavuta hewa kwa pua. Nikagusa tai ambayo sikuwa nayo.

"Familia bora ni haki ya kila usingizi."

Watu wakaanguka vicheko. Mnajua kicheko kinavyomharibu mtu. Nikaendelea. Nikauliza kwa sauti ya mzee, "Kwani hiki kiyoyozi mmekiweka cha kupigia picha?" (aliuliza kweli, teki ya 17). Kisha nikaligeukia godoro, nikaliwekea mkono begani, kama godoro lina bega, nikaliambia: "Wewe kijana, nimekulea mwenyewe."

Sasa sikieni. Kitufe cha kurekodi kwenye kamera ni kimoja: hichohicho cha kuwashia, hichohicho cha kuzimia. Ukikigusa mara moja ya ziada bila kutazama ile taa nyekundu, kuanzia hapo kamera inalala wakati wa kazi na kuamka wakati wa mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa kamera namba 2. Teki ya 31 haina. Mimi inanionyesha mwanzo hadi mwisho, sekunde 70 na zaidi, picha safi kama ya kulipiwa.

Na sauti? Kimaiki kilikuwa bado kimebanwa kwenye kola ya koti. Fundi alikuwa na spika zake masikioni, mashine inarekodi, mabega yanamtetemeka. Badala ya kuniambia "kaka, maiki iko hewani," alininyooshea kidole gumba. Mshtakiwa namba 2 huyo.

Klipu niliikuta kesho yake nikipanga kazi. Mtu mwenye akili angeifuta. Mimi niliisawazisha rangi. Nikaiwekea muziki wa huzuni. Ile pua nikaipunguza mwendo ili itanuke polepole, na chini nikaandika kwa herufi kubwa za njano: FAMILIA BORA NI HAKI YA KILA USINGIZI. Nakiri kwamba ile pua ilikula muda wangu kuliko godoro lenyewe. Nilitaka tu niwaonyeshe wenzangu, wallahi. Nikaisukuma mbali kule mwisho wa taimulaini, ule utepe wa kupangia vipande kwenye kompyuta, ninakotupa vipande nisivyovitaka, sekunde 100 baada ya tangazo kuisha.

Wahariri humu ndani wameshaanza kushika vichwa. Kwa wengine: ukitaka kutoa kipande fulani tu, unabonyeza I pale kinapoanzia na O pale kinapoishia. Herufi mbili. Nilikuwa nimeziweka. Kisha nikazifuta ili nisikilize sauti mara ya mwisho, na sikuzirudisha. Kompyuta ikaambiwa itoe kila kitu, nayo ni mtiifu.

Ishara zilikuwepo. Sekunde 30 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 750, unakohoa mara mbili imemaliza. Siku hiyo ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ulitambaa. Kwenye skrini imeandikwa fremu 5,000 na ushei, naiona kwa macho yangu haya, nikasema masikini, nayo imechoka. Nikajinyoosha.

Chumba cha kuonyeshea wateja: skrini ya inchi 65, spika mbili kubwa, meza ndefu. Mzee amekaa katikati, amevaa koti lilelile. Kulia kwake vijana wawili wa masoko. Kushoto mama wa uhasibu ambaye tangu aingie hajasema kitu zaidi ya salamu. Bosi wangu kando ya laptopu, mimi upande wa pili, fundi wa sauti mlangoni. Hakuwa na kazi pale. Jiulizeni alifuata nini.

Tangazo likapita. Zuri, nisijinyime haki yangu. Likaisha, skrini ikawa nyeusi, wakapiga makofi. Hakuna aliyesimamisha, kwani nani husimamisha weusi? Mzee akasema, taratibu, kwamba leo amejiona. Kwamba marehemu baba yake alishona magodoro kwa mkono na leo angefurahi. Vijana wa masoko wakainamisha vichwa. Bosi wangu akaweka mkono kifuani, akasema sisi hapa hatutengenezi matangazo, tunabeba heshima za watu.

Alipofika "za watu," skrini ikawaka.

Tangazo fundi alikuwa amelipima ukubwa wa sauti kwa kiwango cha R128 cha Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, -23 LUFS, ili lisimshtue mtu sebuleni. Klipu yangu haikupimwa na mtu. Muziki wa huzuni ulitoka kwenye zile spika hadi kikombe kikatetemeka. Nami huyo, mpana kama mlango, ndani ya koti, naanza kuvuta hewa kwa pua. Polepole. Niliipunguza mno ile pua, jamani. Inatanuka tu, haifiki mwisho.

"FAMILIA BORA," nikasema kule juu. Herufi za njano zikaja.

Nikarukia laptopu, nikabonyeza kitufe kirefu cha spesi. Ikasimama. Lakini bosi naye alikuwa ameshatoa mkono, na mkono uliotoka haurudi. Akabonyeza. Ikaendelea. "NI HAKI YA KILA USINGIZI." Nikabonyeza tena, ikasimama kwenye pua. Inchi 65 za pua.

Chumba kikanyamaza. Mzee akaitazama skrini. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akavikagua vifungo vitatu vya mkononi kimoja kimoja. Akarudi kwenye skrini, akavihesabu vile vya kule.

"Kijana," akasema. "Hilo koti ni hili?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikamwambia, "Shikamoo."

Tulishaamkiana asubuhi, mlangoni, kwa mikono miwili. Lakini ndilo lililotoka. Naye, kwa mazoea ya mtu mzima, akaitikia, "Marahaba." Kisha akakunja uso, kama mtu aliyegundua amesaini asichokisoma.

Bosi wangu, Mungu ampe maisha marefu, akaona kimya kimezidi, akaamua kusaidia. Akabonyeza spesi.

Ndipo nilipoingia chini ya meza, na ndipo fundi anapowadanganyia. Akili yangu iliniambia kitufe kimeshatusaliti, dawa ni kukata waya. Kule chini kuna waya sita, zote nyeusi, zimesukana. Nikashika mmoja, nikauvuta kwa nguvu zote. Ukakatika mlio? Hapana. Nilichomoa wa picha. Wa sauti unapita kwingine. Basi skrini ikazimika, mimi nimepiga magoti kati ya viatu vya watu wa masoko, na juu, kutoka spika zote mbili, sauti ya mzee ambayo si ya mzee ikasema:

"Wewe kijana, nimekulea mwenyewe."

Nikabaki palepale. Hilo nakubali. Waya nilikuwa nimeshaacha kuutafuta.

Aliyecheka wa kwanza ni mama wa uhasibu. Kicheko cha mtu aliyekibana miaka mingi, alikuwa anapiga meza kwa kiganja, na mimi nausikia mlio huo moja kwa moja kwenye kisogo. Wengine wakafuata. Mzee sikumwona, niliona viatu vyake tu, na havikucheka. Nilipotoka ameshaondoka, koti amelikunja vizuri akaliacha juu ya kiti. Bosi aliniita, nikasemwa, sitayarudia. Klipu imefutwa. Fundi anasema na yeye ameifuta, na sauti yake anaposema hivyo haifikii -23.

Jioni yakaja marekebisho ya mteja, kama yanavyokuja siku zote, kwa namba:

1. Nembo ikae sekunde 2 zaidi.
2. Godoro liwe jeupe kidogo.
3. Koti lipelekwe kwa dobi.

Nembo nimeshaiongezea fremu 50. Godoro linaendelea kung'aa. Koti nililipeleka asubuhi, na dobi akaniuliza jina la kuandika kwenye risiti. Nilivuta hewa kwa pua kabla sijamjibu, bila kukusudia.