Geuza karatasi usome kwanza
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema baa za protini (vipande vya kutafuna vilivyoongezwa protini, si zile za bia, jamani) zinamfaa anayepunguza uzito. Kwa dharura, sawa. Ila nyingi zina kalori 200 na ushee, na kipande chenyewe ukikitafuna mara nne kimekwisha. Mayai mawili ya kuchemsha yana kalori kama 150, protini gramu 12 hivi, na yanashibisha. Halafu hiyo "haina sukari" iliyoandikwa kwenye karatasi ya baa mara nyingi ni maltitoli, kitamu mbadala wa sukari kinachoweza kujaza tumbo gesi. Nilikula baa mbili mchana mmoja, tumbo likanguruma kikaoni mpaka wa pembeni akanigeukia. Siku hizi naweka moja tu mkobani, ya siku nisiyopata nafasi ya kula. Wanaoila juu ya chakula cha mchana ndio siwaelewi.