Baruti imetosha, igizeni na barua

Kila Juni, nje kidogo ya mji wa St. Augustine huko Florida, watu wa kujitolea huvaa mavazi ya karne ya 18, wakabeba bunduki za gumegume na kuigiza vita vya ngome ya Fort Mose. Joto la huko mwezi huo si la mchezo, sembuse ukiwa ndani ya koti zito la askari. Bunduki hazina risasi, ni baruti tupu, ila zikilia kila mtu hushtuka.

Nawavulia kofia. Katika ngome nyingi za kale Marekani, siku ya maigizo utakuta askari, mhunzi na mpishi. Mtumwa aliyechota maji na kupasua kuni mara nyingi hayupo. Nani atajitolea Jumamosi yake acheze utumwa? Mose imeepuka kikwazo hicho kwa sababu walinzi wake walikuwa Waafrika huru, waliotoroka mashamba ya Waingereza huko Carolina. Florida ilikuwa koloni la Hispania, na mwaka 1738 gavana wake Manuel de Montiano aliwapa makazi hayo kaskazini mwa mji, kiongozi wao akiwa Francisco Menéndez, Mmandinka wa Afrika Magharibi. Miaka miwili baadaye Waingereza chini ya James Oglethorpe wakaiteka ngome. Alfajiri moja ya Juni 1740, Wahispania, Wahindi Wekundu na wanamgambo wa Mose wakawavamia humo humo na kuwashinda.

Sehemu hiyo ndiyo inayoigizwa, na hapo ndipo mimi na baruti tunapoachana.

Mfalme wa Hispania alikuwa ameahidi uhuru kwa watoro tangu 1693, ili mradi wabatizwe. Menéndez alifika, akaupigania mji mwaka 1728, na bado akabaki mtumwa wa Wahispania hao hao. Aliupata uhuru kwa kuandika maombi, tena na tena. Hata baada ya ushindi wa 1740 alimwandikia mfalme kudai malipo ya utumishi wake. Mwaka uliofuata akakamatwa baharini na Waingereza, akachapwa viboko 200, akauzwa Bahamas. Mwaka 1759 jina lake limo tena kwenye sensa ya Mose. Mzee huyu hakuwa wa kawaida!

Na ngome yenyewe? Ilibaki magofu. Watu wake waliishi mjini miaka 12, na 1752 gavana mwingine alipowaamuru warudi kuijenga, walikataa. Wakalazimishwa. Mwaka 1763 Florida ikaenda kwa Waingereza, na watu wa Mose wakapanda meli kwenda Cuba.

Ningepewa nusu saa kwenye uwanja ule, nisingeomba hata punje ya baruti. Ningeweka meza, wino na kalamu ya unyoya. Mtu mmoja aketi akiandika ombi la uhuru, alisome kwa sauti, alikunje, alipeleke. Upande wa pili akae mwenzake mwenye sare safi ya gavana, alipokee, aliweke juu ya maombi mengine, kisha aendelee na chakula chake.