Ardhi Tunayo, Kasi Ndiyo Inayotushinda

Sensa ya Agosti 2022 ilikuta Tanzania ina watu 61,741,120. Ile ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 1967, ya kwanza baada ya Muungano, ilipata milioni 12.3 tu. Ndani ya miaka 55 tumeongezeka mara tano. Kasi ya sasa ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na isipopungua tutavuka milioni 120 kabla ya mwaka 2045.

Kila takwimu hizi zinapotajwa, mabishano ni yale yale. Wapo wanaosema nchi ni kubwa, watu ni nguvukazi na ni soko, tuzae. Wapo wanaosema tumezidi, shule na hospitali zimefurika, tupunguze. Naamini pande zote mbili zina hoja nzito, ila zinabishania ukubwa wa idadi, wakati kinachotuumiza zaidi ni kasi yake.

Upande wa kwanza ulipata mtetezi mkubwa kwa hayati John Magufuli. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwaambia wanawake waachane na uzazi wa mpango, kwa maelezo kwamba mzazi anayefanya kazi kwa bidii hashindwi kulisha watoto wake. Wengi walimshangilia, na si kwa ujinga. Tanzania ina wastani wa watu karibu 70 kwa kilomita ya mraba. Rwanda wanazidi 500. Na historia ya jirani zetu inawapa ushahidi. Huko Machakos, Kenya, wakoloni wa miaka ya 1930 walitabiri kwamba Wakamba na mifugo yao wangeimaliza ardhi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini vilima vilivyokuwa vimechunika vilikuwa na matuta ya fanya juu, miti iliyopandwa na mazao mengi kwa kila mtu kuliko zamani. Watu walikuwa wengi vya kutosha kuchimba matuta, na Nairobi ilikuwa karibu vya kutosha kununua mboga, matunda na maziwa yao. Anayesema watu wengi lazima walete umaskini hana budi kuijibu Machakos.

Ila Machakos ilichukua miaka 60, na ilikuwa na soko mlangoni. Kwetu, wastani wa 70 unaficha mengi. Karibu theluthi moja ya ardhi iko chini ya hifadhi, na sehemu kubwa ya katikati ya nchi mvua zake si za kutegemea. Watu hujazana palipo na maji na rutuba, na pakijaa huhama. Vihamba (mashamba ya ukoo) vya Kilimanjaro vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mtu anabaki na migomba michache nyuma ya nyumba. Wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa wamesogea na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na Kilombero. Katavi ilikuwa na watu 564,604 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 1,152,958. Hakuna mkoa unaoweza kujengewa visima, zahanati na mipaka ya vijiji inayoeleweka kwa mwendo huo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nisingethubutu kusema waliuawa na ongezeko la watu, maana mipaka mibovu na viongozi waliokaa kimya walichangia sana. Lakini ardhi inayogombewa na watu wengi haisamehi uongozi mbovu.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alikubali kwamba nchi ni kubwa na kuongezeka kwa watu ni jambo jema. Kisha akakumbusha kwamba nyongeza ya kila mwaka ni watoto wachanga, si wafanyakazi. Watalishwa, watavikwa, watatibiwa na kusomeshwa miaka mingi kabla hawajazalisha chochote.

Tuichukue hoja yake mpaka shuleni. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Ilikuwa kazi kubwa, na wazazi waliokuwa wamechoka kuona watoto wao wakisoma chini ya miembe wanaikumbuka. Kwa wanafunzi 45 kila darasa, madarasa hayo yanabeba watoto 675,000. Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Kati ya sensa mbili tumeongezeka kwa wastani wa watu milioni 1.7 kila mwaka, na zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15. Kwa hesabu ya haraka, hao ni watoto 700,000 wa nyongeza kila mwaka, ingawa si wote waliofikisha umri wa shule. Mkopo ule wa dharura, ambao hatutaupata kila mwaka, ulinunua nafasi za nyongeza ya mwaka mmoja hivi. Ndiyo maana tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 tunajenga bila kupumzika na bado kuna mwalimu anayesimama mbele ya watoto mia.

Kwa nini tunaongezeka hivi? Sababu ya kwanza ni habari njema, na inasikitisha kwamba husemwa mara chache. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta ni 43. Chanjo, vyandarua, dawa za malaria na huduma za kuzuia VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto zimetuachia watoto wetu hai. Uzazi nao umeshuka, lakini taratibu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke alizaa wastani wa watoto zaidi ya sita, na mwaka 2022 ilikuwa 4.8. Wazazi hawabadilishi mipango yao siku vifo vinapopungua. Aliyemwona mama yake akizika watoto watatu hatazaa wawili na kulala usingizi.

Tena mkulima au mama lishe hana pensheni. Uzee wake ni watoto wake. Anaposema kila mtoto huja na riziki yake, anapiga hesabu inayolingana na maisha anayoyajua, na wataalamu wanaomfokea kwenye semina hawajampa hesabu nyingine.

Upande wa "tupunguze" hukosea hapo unapogeuka amri na kejeli kwa maskini. Kenya ilionyesha njia iliyo bora zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Hakuna aliyelazimishwa kwa sheria. Wasichana walisoma, mashamba yakawa madogo, ada za shule zikawatia wazazi adabu, na huduma zikafika vijijini. Hata hivyo, karibu na mwaka 2000 kushuka huko kulikwama, wakati fedha na macho ya wafadhili vilipohamia kwenye UKIMWI. Sisi, ambao sehemu kubwa ya vipandikizi na sindano zetu za uzazi wa mpango imekuwa ikinunuliwa kwa misaada, tulipaswa kushtuka zaidi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake.

Kwangu mimi, swali la kwanza ni la msichana. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Hawa hawakukaa chini na mtu yeyote kujadili nguvukazi ya taifa. Anayeanza kuzaa akiwa na miaka 16 huzaa wengi zaidi, na vizazi vyake hufuatana karibu karibu, na hiyo ndiyo kasi yenyewe. Kuwaruhusu waliojifungua warudi shuleni, uamuzi wa Novemba 2021, ulikuwa wa haki na umechelewa. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, na Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwaka huo ulipita sheria ikiwa vile vile. Wabunge wanaoogopa milioni 120, na wale wanaozitamani, wangeweza kuanza na vifungu hivyo.